Vyombo vya Watu

Jumatatu, Septemba 9
Nesi wa zahanati kasema niandike kila siku, hata mstari mmoja, maana nilimwambia sisikii kitu. Si njaa, si baridi, si uchungu. Haya, mstari ndio huu.

Jumanne, Septemba 10
Mvua.

Alhamisi, Septemba 12
Meza ya jikoni haionekani. Imejaa vyombo vya watu: mabakuli ya kuokea, masinia, bakuli la bluu lenye ufa. Mume wangu Estill alipokufa mwezi wa nane, wanawake wa makanisa yake yote manne walipanda huku na chakula, maana kwetu mtu akifa watu hupika kwanza, kulia baadaye. Moyo wake ulisimama akiwa amelala chini ya basi la shule alilokuwa akilitengeneza, spana mkononi. Makanisa hayakuwahi kumlipa mshahara; mabasi ndiyo yaliyotulisha, na Jumapili alikwenda kuhubiri bure, kila kanisa zamu yake. Nyumba ilinuka kuku na viazi wiki nzima. Sikumbuki nilionja nini.

Chini ya kila chombo pana kipande cha plasta chenye jina la mwenyewe. Chombo hicho sharti ukirudishe kwa mkono wako, kimeoshwa, na kisirudi kitupu. Asiyetaka kukusumbua huleta chakula kwenye kopo la plastiki la siagi, ukimaliza unatupa. Hayo nilishatupa. Yaliyobaki ndiyo yenye wenyewe.

Chini sakafuni, kando ya jiko, ipo sufuria ya chuma ya Oleta Fugate. Nzito, nimeshindwa kuipandisha mezani. Haina jina na haihitaji. Mafuriko ya mwaka juzi yalipoikomba nyumba ya Oleta, sufuria ilikutwa imenasa kwenye mizizi ya mti na kifuniko chake juu. Kila mtu hapa anaijua. Siku ya msiba ililetwa imejaa kuku na madonge ya unga.

Ijumaa, Septemba 13
Denzil, mdogo wangu, kapiga simu kutoka Ohio.

"Dada, unakula?"

"Nakula."

"Unakula nini?"

"Biskuti."

"Umeketi, au umesimama penye sinki?"

Nikafungulia maji yachukue makombo.

"Najua umesimama," akasema. "Sasa sikiliza. Jumamosi baada ya Sikukuu ya Shukrani nakuja na lori la kukodi. Chumba kipo, kina bafu lake. Hakuna mjadala."

Nikamwambia sawa. Ohio au mwezini, kwangu mamoja.

Jumamosi, Septemba 14
Shemasi Hobart Slone alikuja, akasimama barazani na kofia yake mikononi, akiizungusha kama usukani. Nyumba hii ni ya kanisa la Hebroni. Nilijua anachotaka kabla hajafungua mdomo, nikamwacha ahangaike kidogo.

"Mama Mchungaji, hakuna anayekufukuza."

"Najua, Hobart."

"Ni vile tu bili ya umeme wa kanisa... tukipangisha hapa..."

"Mwisho wa Novemba. Denzil anakuja."

Alishusha pumzi mpaka nikamhurumia. Nikamwambia nina jambo moja tu: nitarudisha kila chombo kwa mwenyewe kabla sijaondoka. Miaka thelathini na moja nimekula chakula cha watu walio maskini kuliko mimi kwa sababu niliolewa na mhubiri. Nataka nitoke hapa bila kijiko cha mtu nyumbani mwangu.

Jumapili, Septemba 15
Ilikuwa zamu ya Nebo. Sikwenda.

Jumanne, Septemba 17
Nimejikwaa kwenye sufuria ya Oleta. Kidole kimevimba.

Alhamisi, Septemba 19
Safari ya kwanza, Pisga, kwa Wilma Jean Stidham. Barabara yote ni kanisa, nyumba ya trela iliyoporomoka, kanisa, duka lililofungwa, kanisa. Makanisa mengine ni chumba kimoja na bomba la jiko. Nje ya Pisga kile kibao cha herufi za kubandika kinasema: BWANA HASINZII. KAMATI YA PAA INAKUTANA ALHAMISI.

Bakuli la Wilma Jean nililijaza biskuti za dukani. Alifunua karatasi, akachungulia, akacheka mpaka akashika mlango.

"Mama Mchungaji! Za dukani? Kweli umefiwa."

Sikukasirika. Nilitaka kukasirika, sikupata pa kuanzia.

Akanikalisha, akanimiminia kahawa, akaniambia mwanawe Ricky kahamia Tennessee na trela yake ya nyuma iko tupu. "Panya wamehamia wote, na hakuna hata mmoja anayelipa kodi," akasema. Nilipoinuka akanitwisha sinia lenye maharagwe ya kukausha, yale yanayotungwa kwenye uzi na maganda yake. Sinia lina plasta. STIDHAM.

"Wilma Jean, nimekuja kurudisha chombo."

"Umerudisha. Hiki kingine."

Basi nimekwenda na kimoja, nimerudi na kimoja. Maharagwe nimeyatundika msumarini. Yanataka kulowekwa usiku kucha, na mimi siwezi kujua usiku huu kama kesho nitataka kula.

Jumapili, Septemba 22
Ilikuwa zamu ya Betheli. Hakuna wa kuhubiri, wamefunga.

Jumatano, Septemba 25
Mvua. Biskuti.

Ijumaa, Septemba 27
Lile kanisa jipya la barabara kuu, la mabati, lenye maegesho kama uwanja wa mpira, hugawa chakula kila Ijumaa ya mwisho wa mwezi. Kibao chao kinawaka kwa umeme: VIATU VYA WATOTO VIPO NDANI. YESU PIA.

Nilipanga foleni garini. Magari yalijipanga mpaka penye daraja, kila moja lina kioo kilichobandikwa gundi au mlango wa rangi nyingine. Watu hawaangaliani kwenye foleni ile. Kila mtu hutazama usukani wake. Nyuma yangu akaja Hobart kwenye pikapu yake, akaniona, nikamwona. Akashusha kioo.

"Nimekuja kumchukulia jirani," akasema.

"Na mimi," nikasema.

Tukapewa makasha yetu. Ndani mna jibini, mchele, kopo la samaki, na mkebe wa mahindi uliobonyea. Nimekula jibini nikiwa nimesimama.

Jumapili, Oktoba 6
Nimekwenda Hebroni. Wametundika picha ya Estill ukutani nyuma ya mimbari, pamoja na wahubiri wengine waliokufa. Amevaa ile tai niliyomnunulia mimi. Waliimba wimbo wa polepole, mmoja anatangulia mstari, wengine wanauvuta. Watu walinitazama kama nitalia. Nilihesabu taa zilizoungua.

Jumanne, Oktoba 8
Nimejikwaa tena. Kwa Oleta ni mbali, bonde la mwisho kabisa, na njia ya kule ni tope tupu. Nitampelekea mwisho.

Alhamisi, Oktoba 10
Nebo, kwa Bibi Icy Combs. Ana miaka tisini na kitu, yeye mwenyewe haviamini vyeti. Kanisa la Nebo liko mbele ya nyumba yake na ufunguo anakaa nao shingoni. Wamebaki wanawake watano.

"Ingia uone," akasema. "Ukutani tuko wengi kuliko kwenye benchi."

Estill naye yupo pale, tai ileile. Bibi Icy akamfuta vumbi kwa aproni.

"Mumeo alihubiri vizuri akiwa na njaa. Ndiyo sababu tulikuwa tunamlisha baadaye. Mwaka ule Wilma Jean alipomlisha kabla, alituambia habari za Nuhu kwa dakika kumi akaketi."

Nilimpa bakuli lake la bluu, lile lenye ufa, nimelijaza matofaa mekundu ya dukani. Akalipokea kwa mikono miwili. Kisha akaanza kupekua kabati, na mimi nikajua kinachofuata.

"Bibi Icy, tafadhali. Mimi nahama."

"Nimesikia. Ohio. Watu wengi wamekwenda Ohio. Shika."

Jemu ya matofaa, na bakuli la kijani. Jemu yenyewe ilikuwa chupa ya mwisho, nilikiona kile kirafu kilivyobaki kitupu. Garini nilisema kwa sauti: "Jamani, mniache!" Hakukuwa na mtu wa kusikia ila mbwa wake.

Jumapili, Oktoba 13
Pisga. Picha ya Estill, mara ya tatu. Ukimwona mtu wako ukutani mara tatu anaanza kuwa kama kalenda.

Alhamisi, Oktoba 17
Nimerudisha masinia mawili njia ya mgodi wa zamani. Nimerudi na mawili. Keki ya viazi vitamu moja, kabichi moja. Mwenye kabichi hana mlango wa mbele, ana blanketi.

Ijumaa, Oktoba 18
Denzil: "Umeanza kufunga vitu?"

"Navirudisha vya watu kwanza."

"Vimebaki vingapi?"

Nikaangalia meza. "Vilevile."

"Vilevile vipi, na umeanza mwezi uliopita?"

Nikamweleza. Akacheka, halafu akaona mimi sicheki. "Dada, viache barazani kwao kisha ukimbie," akasema. "Wasipokuona hawawezi kukujazia."

Jumatatu, Oktoba 21
Majani yote chini. Baridi, nadhani. Watu wamevaa makoti.

Jumamosi, Oktoba 26
Nimejikwaa. Safari hii niliipiga teke, nikaumia mimi.

Ijumaa, Novemba 1
Nimefanya alivyosema Denzil. Nilitoka asubuhi, nikaacha vyombo barazani mwa watu, kimoja hapa, kimoja pale. Biskuti sikununua tena, za nini? Vyote nilivirudisha vitupu, safi. Penye mbwa niliweka juu ya kisanduku cha barua. Kwa Bibi Icy niliona moshi wa jiko, nikaweka bakuli la kijani mlangoni nikashuka ngazi kwa vidole kama mwizi wa kuku. Saa sita mchana meza yangu ilikuwa imeanza kuonekana. Ni ya mbao za msonobari. Nilikuwa nimesahau.

Jumapili, Novemba 3
Hebroni. Wanawake walinisalimu kwa adabu. Adabu mno.

Jumatatu, Novemba 4
Wilma Jean kwenye simu, bila hata salamu.

"Mama Mchungaji, umemwachia Bibi Icy bakuli tupu mlangoni?"

"Nilikuwa na haraka."

"Haraka ya wapi? Kikongwe wa watu ameketi nalo mapajani tangu Ijumaa. Kaniuliza, 'Wilma Jean, nilimkosea nini mke wa Estill?' Amelia, unasikia? Icy Combs, ambaye hakulia mgodi ulipowafukia kaka zake!"

"Mwambie hajanikosea."

"Kamwambie mwenyewe. Mimi si posta."

Akakata. Nilikaa na simu mkononi. Nilijua kuwa hapa mtu angejisikia vibaya. Nilitafuta ndani, kama unavyotafuta funguo kwenye pochi, sikupata kitu. Hilo ndilo lililonitisha kidogo.

Jumatano, Novemba 6
Jalidi. Sikutoka.

Jumapili, Novemba 10
Sikwenda Pisga.

Alhamisi, Novemba 14
Nimefunga nguo za Estill kwenye makasha. Hobart akaja kuyachukua, ya hisani ya kanisa. Akashika koti la kazini, akalinusa bila kukusudia, likanuka grisi. Shemasi mzima akageuza uso akafuta pua kwa kofia.

"Baridi," akasema.

"Ndiyo, ni baridi," nikasema.

Jumanne, Novemba 19
Vimebaki viwili: sinia la Wilma Jean, ambalo sina uso wa kulipeleka, na sufuria ya Oleta. Kesho, mvua isiponyesha.

Jumatano, Novemba 20
Imenyesha.

Ijumaa, Novemba 22
Nimekwenda kwa Oleta. Naandika yote, na mkono unauma.

Nilitoka asubuhi. Sufuria niliibeba kwa kuikumbatia, nikaifunga mkanda kwenye kiti cha abiria isije ikanivunja mguu. Sikuweka kitu ndani. Sikuwaza hata kuweka. Nilishaacha mambo ya kuweka.

Penye mdomo wa bonde lipo kanisa la Betheli. Kibao chao bado kina maneno ya mwezi wa nane: JUMAPILI NDUGU ESTILL. KARIBUNI. Hakuna aliyepanda ngazi kuyatoa. Nilisimamisha gari, nikakisoma, nikaendelea. Juu zaidi lami inakwisha, halafu changarawe inakwisha, halafu unapita ndani ya kijito chenyewe maana ndicho barabara. Nguo za mafuriko ya mwaka juzi bado zinaning'inia kwenye miti, juu kuliko paa la gari langu.

Oleta na mumewe Roscoe wanaishi kwenye trela waliyopewa na watu wa msaada. Roscoe alichimba makaa miaka ishirini na sita, sasa mapafu yake yamejaa vumbi na anavuta hewa kwa mpira kutoka kwenye mashine. Nilibisha hodi kwa goti, mikono imejaa sufuria. Oleta akafungua. Mwanamke mwembamba, umri wangu, nywele zimefungwa kwa kamba ya kiatu.

"Loo! Roscoe, Mama Mchungaji huyo! Ingia, usisimame na baridi."

Nikaingia. Jiko liko palepale mlangoni, hakuna pa kutoliona. Juu yake kulikuwa na kopo la kahawa, lile la bati la zamani, limetobolewa matundu mawili na kutiwa waya wa mkono. Ndani yake maharagwe yanachemka na kumwagikia motoni, maana kopo ni dogo. Pembeni pana kopo jingine, viazi viwili. Ndizo zilizokuwa sufuria za nyumba ile.

Nikasimama nimeikumbatia ile ya chuma.

"Iweke tu popote," Oleta akasema. "Haikuwa na haraka."

"Oleta, mmekuwa mkipikia nini?"

"Tumekuwa tukipika." Akacheka kidogo. "Ketini tule, viko tayari."

"Ile sufuria ya msaada je? Si mlipewa?"

"Ya msaada!" Roscoe akadakia kutoka kwenye kiti chake. Alisema maneno machache, akavuta hewa, akasema mengine. "Ilitoboka kabla ya Pasaka. Kama karatasi. Muulize vidole vyake."

"Wee Roscoe, meza hewa yako, unyamaze."

"Ule waya unaunguza. Mwonyeshe, Oleta."

Oleta akaficha mkono kwenye aproni. Nilikuwa nimeshauona. Vidole viwili vina malengelenge, jipya juu ya la zamani.

"Nilimwambia aende akaichukue," Roscoe akasema. "Kila wiki nilimwambia. Kopo linatosha mtu mmoja. Nakula mimi kwanza, ndipo naye achemshe zake. Akasema chombo cha msiba hakidaiwi. Utamwendaje mwanamke aliyefiwa umwambie nipe sufuria yangu?"

"Hakidaiwi," Oleta akasema, mkali. "Na wewe hukulelewa porini, unajua hivyo."

Walianza kubishana kama watu wawili walio peke yao. Mimi niliinua kifuniko. Sijui kwa nini nilikiinua, nilijua ndani mna nini. Oleta naye akachungulia, akaona sufuria tupu, nyeusi, safi kabisa. Uso wake ulibadilika kidogo tu, akaurudisha haraka ulivyokuwa.

"Umeisugua vizuri," akasema. "Inang'aa."

Hapo aibu ikanishika. Nilikuwa nimesahau aibu ilivyo: masikio yalipata moto, nikasikia joto la jiko usoni, harufu ya maharagwe, miguu yangu yenye maji ya kijito ndani ya viatu. Vyote kwa mpigo. Kila asubuhi tangu Agosti nimejikwaa kwenye sufuria hii, nikaitukana, nikala biskuti, na hawa wanakula kwa zamu. Nilitaka kuondoka vizuri bila kijiko cha mtu nyumbani mwangu. Nilikuwa na jiko zima la mtu.

Nikalia. Si kilio cha heshima, kile cha leso. Nililia kwa sauti nimeshika kifuniko, na nilianza kwa sufuria nikamalizia kwa Estill, nikamlilia kwa jina, nikamuuliza basi lile lilikuwa na haraka gani Jumamosi. Oleta hakuniambia nyamaza. Alinitoa kifuniko mkononi, akamimina maharagwe kutoka kwenye kopo akayatia ndani ya sufuria, akaongeza maji, akakatia kitunguu na mafuta ya nguruwe, na viazi vile viwili, akakoroga. Kwa mara ya kwanza jikoni pale hakuna kilichomwagika motoni.

Tuliketi sote watatu pamoja. Roscoe akaifumbata mikono yake.

"Mama Mchungaji, utuombee."

"Estill ndiye aliyekuwa anaomba. Mimi sijawahi kwa sauti."

"Estill hayupo," akasema, kwa upole tu, "na vinapoa."

Nikafumba macho. "Bwana," nikasema, "asante kwa sufuria." Nikafumbua macho, nikashika kijiko.

"Amina," Roscoe akasema. "Fupi kuliko za mumeo. Ungekuwa unahubiri wewe ningekuja hata kwa mashine."

Nilikula sahani mbili. Nilikula nimeketi. Maharagwe yalikuwa na chumvi nyingi kidogo, na niliisikia hiyo chumvi.

Nilipoaga, Oleta alipakua yaliyobaki. Nikaanza kusema Oleta usiniwekee, halafu nikafunga mdomo, nilishakuwa mjinga vya kutosha kwa siku moja. Alitazama huku na huku. Chombo cha kunipa hakuwa nacho. Akachukua lile kopo la kahawa, akaliosha, akayatia humo, akafunika kwa kitambaa.

"Shika kwa kitambaa, waya unaunguza," akasema. Kisha akanitazama machoni. "Na kopo langu nalitaka, Delphia. Usije ukakaa nalo kama ile sufuria."

Kunidai. Na kwa jina langu, ambalo tangu Estill afe hakuna anayeniita.

"Utalipata," nikasema.

Pale Betheli nilisimamisha gari tena. Ngazi iko nyuma ya kanisa. Nilipanda nikatoa herufi za jina lake moja moja, nikazitia mfukoni mwa koti. KARIBUNI nikaliacha.

Jumamosi, Novemba 23
Nimelala mchana kutwa.

Jumatatu, Novemba 25
Kwa Bibi Icy. Nilisimama mlangoni nikamwambia ukweli: hukunikosea, mimi ndiye. Akanipa shavu nimbusu.

"Nilidhani umechukia jemu," akasema.

"Jemu sijaifungua."

"Sasa utajuaje kama umeichukia, mtoto mpumbavu?"

Nilikuwa nayo garini, tukaifungua pale pale. Akanikabidhi tena bakuli la kijani, limejaa njugu za porini. Nililipokea kwa mikono miwili.

Alhamisi, Novemba 28
Sikukuu ya Shukrani, kwa Wilma Jean, bata mzinga mkavu kama ubao. Sinia lake nilimrudishia na kabichi niliyoichemsha mwenyewe. Akaonja, akakunja uso. "Bora zile biskuti," akasema. Nilicheka. Baada ya kuosha vyombo nikamwambia anionyeshe trela ya Ricky.

Jumamosi, Novemba 30
Denzil alifika na lori lake. Akaingia jikoni akasimama. Meza ilikuwa haionekani tena.

"Hivi ni vya nani?"

"Vya watu."

"Si ulisema umevirudisha!"

"Nilivirudisha. Hivi vingine." Maana habari ya kilio changu ilishafika kila bonde, na tangu Jumapili watu wamekuwa wakipanda huku na mabakuli. Hata Hobart, kopo la samaki la lile kasha la msaada, limebandikwa plasta. SLONE. Kopo la samaki!

"Viache barazani waje wavichukue," Denzil akasema.

"Hawaji kuchukua, Denzil. Havidaiwi."

Akageuza bakuli moja, akasoma jina. Yeye aliondoka hapa kijana, lakini kuna mambo hayamtoki mtu. Akavuta kiti, akala keki ya mtu, akafuta mdomo, akaanza kubeba makasha. Lori lilipojaa akawasha injini akaniuliza tushike njia ipi ya kwenda Ohio.

"Penye kanisa la Pisga kata kushoto," nikamwambia.

"Kushoto si kwa akina Stidham?"

"Ndiyo."

Tukafika Pisga. Pale akakata kushoto.

Denzil amelala sasa, kwenye kochi la Ricky, anakoroma, na panya wanamsikiliza. Trela inavuja baridi na ninaisikia. Nimeteremsha kutoka lorini uzi wa maharagwe ya Wilma Jean, nimeyatoa, nimeyaosha, na kwa kuwa bado sijui sufuria zangu ziko kasha gani, nimeyaloweka kwenye kopo la Oleta. Kesho ni Jumapili. Nitapika, nitalijaza, nitalipeleka.